Sura Bila Jina: Kiswahili Mbele ya Picha za Rangi ya Mafuta za Karne ya 19



Awali ya yote napenda kuwashukuru walionialika kuzungumza nanyi hapa Singida. Mada ya mhadhara huu ilinijia kwa njia isiyo ya kawaida kwa mwanaisimu. Niliombwa kutafsiri kwa Kiswahili maelezo ya picha chache za rangi ya mafuta zilizochorwa Ulaya na Marekani katika karne ya 19, ambazo nakala zake zilikuwa zitundikwe katika maonyesho ya wanafunzi. Kila picha ilikuwa na kibandiko cha mistari miwili au mitatu. Nilikubali nikidhani ni kazi ya jioni mbili. Ilinichukua miezi minne, na vibandiko viwili kati ya hivyo ndivyo vitakavyotushughulisha leo.

Picha ya kwanza ni ya Jean-Léon Gérôme, mchoraji wa Kifaransa, aliyoichora mwaka 1868 hadi 1869. Leo iko katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York. Si kubwa, kimo chake hakifikii mita moja. Inamwonyesha mtu mweusi kuanzia kifuani kwenda juu, amevaa hariri ya rangi ya waridi, kichwani ana kilemba kirefu chenye mashada, na begani ana bunduki. Nyuma yake hakuna kitu ila giza. Ngozi ya uso imechorwa kwa uangalifu mkubwa, hata mtazamaji huona mwanga ulipogusa shavu na ulipoliacha. Jina la picha hiyo ni Bashibazuki.

Picha ya pili ni ya Edward Mooney, mchoraji wa New York, na ilichorwa mwaka 1840. Inayojulikana zaidi imo katika Jumba la Makumbusho la Peabody Essex, mjini Salem, Massachusetts. Nayo inamwonyesha mtu wa nchi ya mbali, mwenye ndevu na kilemba, katika vazi ambalo wakazi wa New York walikuwa hawajapata kulizoea. Jina la picha hiyo ni Ahmad bin Naaman.

Mtu asiyejua kusoma akiwekewa picha hizi mbili sambamba, ataziona kuwa ni ndugu. Vazi, kilemba, rangi ya mafuta, karne, vyote vinafanana. Tofauti imo katika kibandiko. Moja inataja mtu. Nyingine inataja vazi.

Kabla sijaendelea, niseme neno kuhusu jina la sanaa yenyewe. Wanahistoria wa sanaa huiita kwa jina linalotokana na Mashariki, nami nitaiita sanaa ya istishraki, kwa kufuata Kiarabu. Edward Said alipochapisha kitabu chake Orientalism mwaka 1978, jalada lilipambwa kwa picha ya Gérôme huyuhuyu, ya mtoto mcheza nyoka. Lakini msikilizaji wa Singida ana haki ya kuuliza: Mashariki ya nani? Kwa mtu aliyesimama hapa, mashariki ni Dodoma, Bagamoyo na Unguja. Kwa mchoraji wa Paris, Mashariki ilianzia Moroko, nchi ambayo iko magharibi ya Paris yenyewe, na ambayo Waarabu huiita Maghribi kwa sababu hiyo ya wazi. Mashariki hiyo basi haikuwa upande wa dira. Ilikuwa sanduku la mavazi.

Nasema sanduku la mavazi bila kutia chumvi. Gérôme alisafiri Misri na nchi jirani mapema mwaka 1868, akanunua nguo na silaha, akarudi nazo Paris. Huko, katika chumba chake cha kuchorea, alimvalisha mtu wa kuigwa mavazi aliyokuja nayo, akamchora. Bashibazuki halisi walikuwa askari wa msaada katika jeshi la Waturuki, wasiolipwa mshahara wa kudumu, waliojilipa kwa kupora. Neno lenyewe la Kituruki hubeba maana ya kichwa kilichoharibika, yaani watu wasio na mkuu wala mpango. Askari wa aina hiyo avae hariri ya waridi isiyo na doa? Gérôme alichora kitambaa, na kitambaa alikichora vizuri sana.

Sasa turudi kwenye kazi ya mfasiri. Kikwazo cha kwanza kilikuwa jina la kundi la picha hizi. Wachoraji wa zama zile walikuwa na desturi ya kuchora sura ya mtu mmoja kwa ajili ya kujifunza: namna mwanga unavyokaa juu ya ngozi, namna kitambaa kinavyokunjika. Wafaransa huiita kazi hiyo kwa neno lilelile wanalolitumia kwa kusoma. Mtu wa kwanza niliyemtaka ushauri alinijibu bila kusita: iite somo. Nilikaribia kukubali. Kisha nikakumbuka kwamba somo, katika Kiswahili, si lile la darasani peke yake. Somo yangu ni mtu mwenye jina kama langu. Tukikutana, tunaitana somo, na kuna mapenzi na utani ndani yake. Basi ningeandika chini ya picha ya mtu ambaye jina lake halikuhifadhiwa neno ambalo katika lugha yangu humtaja mtu kwa sababu ya jina lake tu. Nikaliacha, nikachagua zoezi.

Kikwazo cha pili kilikuwa picha yenyewe. Picha ni neno la mkopo kutoka Kiingereza, nalo limekaa sana na kamera. Tunapiga picha, hatuipigi rangi ya mafuta. Mchoro ni letu la Kibantu, lakini msikilizaji huona penseli na karatasi. Sanamu lilitoka katika neno la Kiarabu la mungu wa kuchongwa, na wazee wengi wa pwani bado wanasikia ndani yake uzito huo. Taswira linatokana na kitenzi cha Kiarabu cha kutengeneza sura, nasi tunalo pia sawiri. Ajabu ni kwamba wahakiki wetu wa fasihi wameyachukua maneno haya mawili wakayahamishia kwenye vitabu: tunazungumzia usawiri wa wahusika na taswira katika shairi, hata mwanafunzi wa leo akisikia kwamba mwandishi amemsawiri mwanamke, hafikirii brashi kamwe. Niliamua kuyarudisha nyumbani. Katika vibandiko vyangu picha ya mtu mmoja iliyochorwa kwa rangi ya mafuta inaitwa taswira.

Na sura je? Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wangu hulipenda. Kiarabu kina maneno mawili tofauti, yenye herufi mbili tofauti za mwanzo: moja, kwa herufi swadi, ni umbo au picha, la pili, kwa herufi sini, ni sehemu ya Kurani. Kiswahili hakitofautishi sauti hizo, kwa hiyo yote mawili yamekuwa sura. Mswahili akifungua kitabu anakuta sura, na akimtazama mwenziwe usoni anakuta sura, na zote mbili husomwa. Tunamsoma mtu sura. Gérôme aliichora sura kwa ustadi ambao sijauona kwa wengi, kisha mada aliyoiweka juu yake ikatuzuia kuisoma.

Kikwazo cha tatu, na ndicho kilichonichukua miezi, ni majina ya picha. Katika orodha niliyopewa majina mengi yalikuwa ya kabila, ya kazi, au ya mahali. Ludwig Deutsch, mzaliwa wa Vienna aliyeishi Paris, alichora tena na tena walinzi weusi waliosimama milangoni pa majumba, na mlinzi wa namna hiyo mara nyingi huitwa kwenye kibandiko Mnubi. Nikiandika Mnubi kwa Kiswahili, msomaji wa Kibera au wa Bombo nchini Uganda atamwona jirani yake, mjukuu wa askari waliokuja na jeshi la Emin Pasha na wenziwe, mwenye lugha yake ya Kinubi na historia yake ya kudai ardhi. Neno ni lilelile, mtu siye. Mfasiri hana pa kukimbilia: au aliache jina na kumpotosha msomaji, au alibadili na kuonekana anaingilia kazi ya mchoraji.

Ahmad bin Naaman hakunipa shida hiyo. Jina lake linakwenda katika Kiswahili kama lilivyo, tena linakwenda na baba yake. Hiyo ndiyo kazi ya bin. Ahmad alikuwa katibu wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mkataba wa urafiki na biashara kati ya Sayyid Said na Marekani ulikuwa umetiwa saini mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja mwaka 1837. Mwezi Februari 1840 merikebu Al-Sultanah iling'oa nanga Unguja chini ya uangalizi wa Ahmad, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikatia nanga New York tarehe 30 Aprili. Watu walijaa gatini kuitazama. Rais Martin Van Buren aliletewa zawadi, wakiwemo farasi wawili wa Kiarabu, na kwa kuwa katiba ya Marekani ilimkataza kuzipokea kama mali yake, Baraza la Congress likaingia kazini. Baraza la jiji la New York likaagiza Ahmad achorwe. Merikebu ilitengenezwa kwa gharama ya serikali ya Marekani, ikaondoka mwezi Agosti.

Angalieni vitenzi. Ahmad alikaa mbele ya Mooney akiwa na nguo zake mwenyewe. Alizivaa. Yule wa Gérôme alivalishwa. Kiswahili chetu kina utajiri wa viambishi tamati ambao lugha nyingi za Ulaya hazina: vaa, valia, visha, valisha, valishwa. Kiambishi cha usababishi pamoja na cha utendwa, vikikaa pamoja kwenye kitenzi kimoja, hutoa ushahidi kwamba yupo mtu wa pili chumbani. Tukisema alivalishwa, msikilizaji atauliza mara moja, na nani? Kibandiko cha awali hakikuwa na kitenzi hata kimoja. Ilikuwa nomino tu, na nomino haiulizwi swali hilo.

Hata hivyo, wenzangu, nisingependa mwondoke mkidhani kwamba Mooney ni mwema na Gérôme ni mwovu. Ahmad ana jina kwenye kibandiko kwa sababu alikuwa na cheo, alikuwa na kalamu, na alikuwa na shehena. Merikebu yake ilikuwa na mabaharia zaidi ya hamsini, wengine kutoka Bara Hindi, wengine Waafrika wa pwani yetu, na wengine wao walikuwa watumwa. Hakuna baraza lililoagiza wachorwe. Ilibeba tende, mazulia ya Kiajemi na kahawa. Na kutoka Unguja ilibeba mifuko 135 ya karafuu, masanduku 81 ya sandarusi, ngozi 1,000 zilizokaushwa kwa chumvi, na pembe za ndovu 108. Karafuu zilichumwa na watumwa wa mashambani. Na pembe za ndovu za Unguja zilitoka bara, mabegani mwa watu.

Hapa ndipo Singida inapoingia. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilivuka Ugogo, kisha ikaingia katika nyika kavu ambayo sehemu kubwa yake leo ni ardhi ya Manyoni na Itigi. Wasafiri waliiita Mgunda Mkali. Mgunda ni shamba katika lugha kadhaa za bara, na ndugu zake wamesambaa hadi kwa Wakikuyu wanaosema mũgũnda, mkali tunamjua. Richard Burton na John Hanning Speke walipita huko mwaka 1857, na Burton aliliandika jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 1860. Mpagazi aliivuka nyika hiyo akiwa na mzigo wa karibu kilo 30, wengi wakiwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa ujira. Ujira huo ulikuwa nguo.

Nguo gani? Merikani. Pamba ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa katika viwanda vya kaskazini, Massachusetts na jirani zake, ikaletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, mji uleule ambako taswira ya Ahmad imetundikwa leo. Al-Sultanah nayo ilirudi Unguja na nguo hizo, pamoja na shanga na bunduki. Zilipimwa kwa mikono: shuka mikono minne, doti mikono minane. Msafara ulipofika Ugogo ulitoa nguo kwa watemi ili upite na uchote maji, na malipo hayo yaliitwa hongo. Hongo wakati huo ilikuwa ushuru wa wazi, uliojadiliwa mchana mbele ya watu, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Leo hongo ni fedha inayopita chini ya meza. Wakati gani neno hili lilihama kutoka uwanjani kwenda chini ya meza, na ni nani aliyelihamisha, ni swali zuri kwa tasnifu ya uzamili, nami ningefurahi kuisimamia.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilikata pamba. Nguo kutoka Uingereza na India zikachukua nafasi, lakini jina halikuondoka. Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi upande wa Manyoni, aliita kila kitambaa kigumu kisichopaushwa merikani, nami nikiwa mtoto niliamini kwamba Marekani ni nchi iliyopewa jina la nguo ya bibi. Nilicheka nilipojua ukweli. Sasa sicheki sana, maana kwa mtu wa Mdaburu wa mwaka 1857, nguo ndiyo iliyotangulia kweli.

Kuna mtu mmoja aliyeivuka Mgunda Mkali mara nyingi na ambaye jina lake tunalo: Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akakamatwa utotoni, akauzwa, akafikishwa India, kisha akarudi huru Afrika ya Mashariki. Aliongoza au kusindikiza misafara ya Burton na Speke, ya Speke na Grant, ya Stanley, na ya Cameron. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunuku nishani ya fedha. Sura yake tunaijua kwa michoro ya vitabuni. Lakini litazameni jina lake kama mwanaisimu anavyotazama kibandiko. Sidi ni jina waliloitwa Waafrika huko India. Bombay ni mji. Mubarak alipewa. Jina aliloitwa na mama yake halikuandikwa. Kwa hiyo hata pale tunapofurahi kwamba mtu ametajwa, inatupasa kuuliza ametajwa kwa nini na nani.

Mwenzangu mmoja, mfasiri hodari, alinipinga vikali nilipomwonyesha rasimu zangu. Alisema: kazi yako ni kufasiri kibandiko, si kukisahihisha. Mchoraji aliiita Bashibazuki. Iite hivyo, na msomaji atajua la kufanya. Hoja hii ina nguvu, na sikuipuuza. Jina la zamani la picha ni hati ya kihistoria, na tukilifuta tunafuta pia ushahidi wa namna watu wale walivyofikiri. Lakini kibandiko hakisomwi na mwanahistoria peke yake. Kinasomwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyesimama mbele ya uso unaofanana na wa mjomba wake.

Wengine wameshalifikiria jambo hili. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Orsay mjini Paris lilifanya maonyesho makubwa juu ya watu weusi waliochorwa Ufaransa. Picha ya Marie-Guillemine Benoist ya mwaka 1800, iliyokuwa ikijulikana kwa neno la rangi ya mwanamke tu, ilitundikwa kwa jina la Madeleine, na jina la zamani likawekwa chini yake. Vivyo hivyo watazamaji walikumbushwa kwamba zoezi la Théodore Chassériau la mwaka 1838 lilikuwa la mtu aitwaye Joseph, mzaliwa wa Saint-Domingue, ambaye hapo kabla alikuwa mtu wa kuigwa wa Géricault. Majina hayo hayakutoka hewani. Watafiti waliyatafuta katika daftari za malipo, barua na kumbukumbu za vyuo. Huo ni utafiti ambao unaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye subira, na kwa picha zinazohusu Unguja na bara, unahitaji watu wanaosoma Kiswahili cha hati za Kiarabu. Idadi yao katika vyuo vyetu inapungua kila mwaka, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko Gérôme.

Nimalizie kwa kuwasomea vibandiko vyenyewe kama nilivyoviwasilisha.

Cha kwanza: Ahmad bin Naaman, katibu wa Sayyid Said bin Sultan. Taswira ya rangi ya mafuta, Edward Mooney, New York, 1840. Ahmad alikwenda New York na merikebu Al-Sultanah, iliyobeba karafuu, sandarusi, ngozi na pembe za ndovu kutoka Unguja.

Cha pili: Mtu aliyevalishwa vazi la bashibazuki. Jina lake halikuandikwa. Taswira ya rangi ya mafuta, Jean-Léon Gérôme, Paris, 1868 hadi 1869. Mchoraji aliiita Bashibazuki.

Waandaaji walikipunguza cha pili kwa kuwa nafasi haikutosha. Waliondoa sentensi ya katikati, ile ya jina. Niliwaandikia, tukazungumza, wakairudisha kwa herufi ndogo zaidi. Nakala zimo kwenye meza ile pale mlangoni, na wanaotaka kunipinga kuhusu neno taswira wanakaribishwa kuanza sasa.